Bastola Nane za Mzee Wilondja

Zubeir bin Ubaid hakuwahi kuiba kitu cha mtu. Hilo alipenda kulisema mwenyewe, mkono kifuani, na lilikuwa kweli tupu: watu walimpa vitu vyao kwa hiari yao, wakamshukuru, halafu wakaja kujua baadaye. Alikuwa mtu wa Tanga, mrefu, msafi, shati lake limepigwa pasi na ulimi wake umepigwa pasi zaidi. Merrylands nzima, mtaa ule wa Sydney alikokaa, ilimjua, na nusu ya Merrylands ilikuwa inamtafuta.

Mwezi ule alikuwa amebanwa. Alikuwa ameazima gari la dada yake Huda, lile la kupelekea keki, akaligongesha kwenye nguzo ya maegesho huku akijitazama nywele kwenye kioo. Gari likafa hapohapo. Huda alikuwa akiishi kwa keki za kuagiza, na keki ya ghorofa tatu haipandi treni.

"Mpaka mwisho wa mwezi uniletee gari," Huda alimwambia. "Usipoleta, ondoa godoro lako gerejini kwangu."

Alisema polepole, anakoroga siagi. Wanaomjua Huda wanajua kwamba akipiga kelele kuna nafuu.

Basi siku moja Zubeir alikuwa kinyozini kwa Cheruiyot, hanyolewi, amekaa tu, maana kinyozini ndiko watu wanakotaja shida zao kwa sauti. Kwenye kiti alikuwapo Mzee Wilondja, Mkongo wa Fizi anayekaa Penrith na kufanya kazi ghalani. Povu lilikuwa limemjaa kidevuni na mikono anairusha. Kinyozini, kama mnavyojua, kila mtu ni jenerali.

"Mimi nikirudia Fizi nitafungua mugodi ya zahabu!" alikuwa anasema. "Nitaweka walinzi. Shida iko moja tu, bastola. Kule kuko tope, kuko vumbi, mvua inanyesha ku kichwa ya mutu. Bastola ya ku duka inalia mara moja, ya pili inakataa. Mimi nataka ya kutengenezewa. Ya kuvumilia!"

Zubeir alitazama nje kupitia kioo. Pale nje ilisimama pikapu ya mzee, nyeupe, imefunikwa vizuri nyuma, pana kiasi cha kubeba keki ya harusi na bi harusi mwenyewe. Akamtazama mzee. Akaitazama pikapu tena. Mapenzi huanza hivyohivyo.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema, akisogeza kiti. "Mungu amekuleta kwa mtu wake."

Hapa ni lazima tumpe Zubeir haki yake, kwa maana hakuwa mpumbavu. Alijua kwamba Sydney ukikamatwa na bastola isiyo na kibali unalala ndani, na yeye aliiogopa jela kwa sababu moja kubwa: kule hakuna mtu wa kukupigia pasi. Lakini alijua pia kwamba hakuna sheria duniani inayomkataza mtu kuwa na keki. Na Huda, dada yake wa tumbo moja, alikuwa na mikono ya ajabu. Aliwahi kupika kiatu cha keki, mwenye shughuli akajaribu kukivaa. Aliwahi kupika mashine ya kutobolea ukuta, fundi mmoja akazunguka meza nzima anatafuta waya wake.

"Dada, nipikie bastola moja," Zubeir alimwomba. "Kuna mzee mmoja ana sherehe."

Huda akapika. Keki ya chokoleti ndani, juu sukari laini iliyokandwa kama udongo, ikapakwa rangi ya chuma. Mtutu, kifyatulio, mpini wa mbao zenye mistari, mpaka vijiskrubu. Zubeir alipoiona alirudi nyuma hatua moja, akainua mikono.

"Na polisi wakija," alijisemea, "naula ushahidi."

Walionana na mzee kwenye kituo cha maduka cha Merrylands, meza iliyo chini ya kipoza hewa. Mzee alikuja na mkewe, Mama Généreuse, mwanamke mnene mpole anayefanya kazi ya kuhudumia vikongwe. Hakusema mengi. Zubeir alifungua boksi lenye kitambaa cha mahameli na kifuniko cha kioo.

"Usiguse, mzee, jasho la mkono huharibu chuma kabla hakijatulia. Tazama tu. Hii imetengenezwa kwa ajili ya jangwa. Ukiizika mchangani mwaka mzima, ukiifukua inakuamkia. Ukiitia topeni inatoka imeoga. Bastola nyingine huogopa mazingira. Hii, mazingira ndiyo yanayoiogopa."

Mzee Wilondja alipumua kwa nguvu mpaka kioo kikaingia ukungu. Mama Généreuse aliinama, akanusa kwenye ufa wa kifuniko.

"Inanuka vanille," alisema.

"Mafuta ya Kijerumani, mama. Wenzetu hata chuma wanakipa manukato."

"Aah," alisema Mama Généreuse, akimtazama Zubeir kama anayejaribu kukumbuka mahali alipomwona.

Kesho yake mzee alipiga simu. Bei waliyotajiana, yaani pikapu, aliikubali, lakini bastola moja kwa pikapu nzima ilikuwa aibu. Alitaka nane. Zubeir akakubali. Kisha Mama Généreuse akaichukua simu.

"Bwana Zubeir, hakuna karanga ndani? Mutoto ya dada yangu, karanga inamuvimbisha uso."

"Hakuna, mama," Zubeir alijibu upesi. Baada ya kukata simu alijiuliza mwanamke yule anadhani bastola ni kitu gani, akahitimisha kwamba ni mjinga, tena alimhurumia kidogo. Nyani haoni kundule, walisema wahenga, na walisema bila hata kumwona Zubeir.

Kwa Huda alitegemea ugomvi. Nani apike bastola nane bure? Lakini Huda alimsikiliza, akafuta mikono, akasema, "Sawa. Ila utanisaidia." Na Zubeir, ambaye tangu aje Australia alikuwa hajabeba kizito kuliko simu, akasaga sukari, akaosha masufuria, akavunja mayai mpaka akayaota. Hakujiuliza kwa nini Huda anapika huku anaimba. Mtu mwenye tamaa hana sikio la nyimbo.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Angezipeleka bastola ndani ya eski, yale makasha ya barafu ambayo Waaustralia hubebea bia, angesema ziko kwenye majaribio ya baridi, angefungua kidogo, angefunga, angeonya zisifunguliwe mpaka zifike Fizi. Kisha funguo, karatasi za gari, kwaheri. Alipiga hesabu kuwa kwenye joto la Penrith sukari ingehimili salamu, Fatiha moja, aamin, na kupeana mikono. Kwao Tanga hakuna biashara inayotaka dua ndefu kuliko hiyo.

Jumamosi akapanda treni. Keki haipandi treni, lakini bastola hupanda, na safari yote alikaa kwenye ubaridi wa behewa akiwaza mahali pa kuegesha pikapu yake. Aliposhuka Penrith joto lilimkamata shingoni. Lilikuwa lile joto la magharibi ya Sydney ambalo mbwa huvuka barabara akitafuta kivuli cha nguzo.

Uani kwa Mzee Wilondja alikuta hema. Chini ya hema, viti vya plastiki. Juu ya viti, ukoo. Wanawake walikuwa wamevaa kitenge cha namna moja, kwaya imejipanga kando, na vijibendera vya Australia vimening'inia kila pembe. Sombe, kisamvu cha Kikongo, ilinukia mpaka barabarani.

"Mzee," Zubeir alinong'ona, "hili si jambo la siri?"

"Siri?" Mzee Wilondja alikuwa amevaa suti na tai. "Ndugu yangu, kwetu kitu kipya hakiingie mu nyumba bila maombi. Hata friji tuliombeaka. Fungua, uweke ku meza. Pasta, karibu!"

Angefanyaje? Funguo za pikapu zilikuwa mezani palepale, zinametameta. Zubeir akafungua eski, akazipanga bastola saba kwenye sinia. Ya nane aliiacha kwenye barafu, kwa sababu mjanja haweki mali yote mezani. Wageni wakapiga vigelegele. Pasta Symphorien akasimama, akanyoosha mikono, akafumba macho.

Zubeir alifumba jicho moja. Pasta alianza na uumbaji wa dunia. Hilo lilimpa Zubeir wasiwasi, maana uumbaji uko mbali sana na Penrith. Akamwombea Adamu. Akavuka Bahari ya Shamu bila haraka, kwaya ikamsindikiza. Zubeir aliona tone la kwanza kwenye mtutu. Pasta akafika kwa Nabii Danieli, akamkuta na simba, akakaa naye hapo. Kwenye sinia bastola zilikuwa zinang'aa.

"Zinatoka jasho," Mzee Wilondja alinong'ona.

"Mafuta yake, mzee. Dalili ya ubora."

Pasta akawaombea wajane, yatima, wasiopata vibali, na mtu mmoja wa Perth anayeumwa mgongo. Mtutu mmoja ukaanza kuinama taratibu, kama mzee anayesinzia. Zubeir akaupulizia kwa mdomo. Ukainama mwingine. Alijikuta naye anaomba, kwa moyo mweupe kabisa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi: Ya Rabi, mpe huyu mtu aamin.

"Amina!" alisema Pasta hatimaye.

"Aamin!" alipiga kelele Zubeir kuliko wote, akanyoosha mkono kwenye funguo.

Mkono mwingine ulizifikia kwanza. Ulikuwa wa Mzee Wilondja.

"Pole pole. Tufanye kwanza majaribio ya mazingira magumu." Mzee alijipapasa tumbo. "Mazingira magumu njo haya."

Watoto wakatokea mbio na sahani za karatasi. Mmoja alimvuta Zubeir suruali, anataka apewe kifyatulio. "Uncle, can I have the trigger?" Na kutoka jikoni akatoka mwanamke mwenye aproni na kisu kirefu cha kukatia keki, anatabasamu.

"Dada Huda?" alisema Zubeir. Akakalia eski.

"Keti vizuri, usinivunjie kifuniko," alisema Huda.

Ndipo Mama Généreuse, aliyekuwa mpole siku zote, akacheka mpaka kilemba kikamteleza. Alikuwa amekula keki za Huda kwenye harusi mbili za Merrylands, na vanila ile asingeisahau. Jioni ileile ya kituo cha maduka alimpigia simu. Wakaelewana: Huda apike za kutosha wageni wote, na pia keki za harusi za mabinti wa Généreuse watakapoolewa, naye achukue pikapu, kwa kuwa mzee alishanunua nyingine. Ilikuwa imebaki shida moja ndogo, nani wa kuosha masufuria na kubeba mzigo mpaka Penrith. Hilo, Huda alisema, lina mtu wake.

"Lakini mgodi!" alilalamika Zubeir, kwa uchungu wa mtu aliyedanganywa. "Mzee, ulisema dhahabu, ulisema walinzi!"

"Ile ilikuwa maneno ya kinyozi tu, na ku maduka nilikuja kuangalia tu." Mzee Wilondja alichukua kipande chenye kifyatulio, akakitazama, na sauti yake ikashuka. "Sikia, kijana. Mimi nilikimbiaka bunduki. Nilizikimbia Fizi, nikakaa mu kambi miaka, nikizisikia mu ndoto. Zilikula kaka zangu wawili. Jana nimekula kiapo, nimekuwa raia wa hapa. Unawaza ningenunua yangu? Généreuse aliponiambia ni gâteau, ni keki tu, nilicheka, kisha nikalia, kisha nikasema lete nane. Zilitukula sana. Leo sisi njo tunazikula."

Kisha Pasta Symphorien akang'ata mtutu, akasema haleluya kwa mdomo uliojaa, na uani kote vikalipuka vicheko. Hata Zubeir alipewa sahani. Aliona haya, na keki ilikuwa tamu, akaomba kipande cha pili.

Huda aliondoka na pikapu. Kiti cha pembeni kilikuwa na sufuria ya sombe, naye hakutaka imwagike, hivyo Zubeir akarudi stesheni kwa miguu. Mama Généreuse hakumwacha aondoke mikono mitupu. Alimfungia bastola ya nane kwenye karatasi ya fedha: kado ya njia, zawadi ya msafiri.

Jukwaani Penrith karatasi ilikuwa imepasuka. Ya nane, iliyokaa barafuni, haikuwa imepinda hata kidogo. Ilikuwa bastola pekee kati ya zote iliyovumilia mazingira magumu, na ilivumilia mkononi mwake, mbele ya polisi wawili waliokuwa wanashuka ngazi.

"Weka chini!"

Zubeir aliukumbuka mpango wake wa tangu mwanzo. Akaitia bastola mdomoni. Mama mmoja akapiga yowe. Yeye akaung'ata mtutu, akautafuna, akameza, akang'ata tena, makombo ya chokoleti yanamwanguka kwenye shati lililopigwa pasi.

Polisi mmoja, mwanamke aitwaye Bridget kwa mujibu wa kibao chake kifuani, alimsogelea, akaupima mpini kwa macho, akamega, akaonja. Akamega tena.

"Nani kaitengeneza?" aliuliza.

Ulimi wa Zubeir ulishajipanga kusema mimi. Lakini alikuwa amechoka, na sukari ilikuwa imemjaa. Akatoa namba ya Huda.

Bridget akapiga simu palepale. Bosi wao alikuwa anastaafu, nao walitaka keki kubwa yenye umbo la pingu. Treni ilipoondoka, simu ya Zubeir ililia. Ulikuwa ujumbe wa dada yake.

"Godoro liko palepale. Pikapu imepata dereva, ni wewe. Jumatatu asubuhi unapeleka pingu kituo cha polisi. Usichelewe, wanakusubiri."