Joto la Kumrudisha Oktavia

Jumanne, 1 Julai 2025

Saa moja asubuhi. Sebuleni nyuzi tisa, nje tatu. Sakitu imelala juu ya kabichi kama chumvi.

Oktavia bado yuko Makambako kwa binti yetu Consolata. Wiki ya saba sasa. Kifua cha mke wangu hakitaki moshi wala baridi, na nyumba hii ya Njombe ina vyote viwili: nikiwasha jiko la mkaa anakohoa, nikilitoa nje anatetemeka. Jana alipiga simu. Atakuja Jumamosi ya tarehe kumi na mbili kuangalia. Akikuta joto lisilo na moshi, atabaki. Akikuta baridi, atarudi Makambako, na safari hii ataondoka na cherehani.

Cherehani! Mwanamke akiondoka na nguo ametembea. Akiondoka na cherehani amehama.

Ndoa ya miaka arobaini na sita. Siku kumi na moja za kuiokoa.

Lakini dawa ninayo. Imefika leo kwa basi kutoka kwa muuza mitumba wa Makambako: meko ya gesi, ya kuweka ukutani, yenye kioo mbele na magogo ya bandia yasiyoungua. Jirani yangu Hosea, mwenye meko ya matofali na dohani anayoipaka chokaa kila Pasaka, alichungulia juu ya ua, akaliona kreti la mbao lililoibeba, akauliza, "Mzee Tanga, hilo banda la kuku lina ghorofa ngapi?"

Mzee Tanga. Nilikuwa karani wa mkonge huko miaka thelathini na minane. Kule waliniita Mpangwa, kwa kabila langu. Nimerudi nyanda hizi, naitwa Tanga.

Alhamisi, 3 Julai

Nimesoma kitabu cha maelekezo chote. Kurasa kumi na nne za hewa, mbili za joto. Aliyekiandika hajawahi kulala Njombe.

Consolata, bila kuniuliza, amemtuma fundi wa gesi. Anaitwa Lidia. Suruali ya buluu, penseli sikioni. Alisema shikamoo babu, na heshima yake ikaishia hapo. Mtungi ukae nje, ndani ya kizimba cha nyavu. (Nilikuwa nimeuandalia nafasi chini ya kitanda, salama dhidi ya wezi.) Bomba la moshi lipenye dari, litokeze juu ya bati. Ukuta utobolewe mara mbili: tundu moja chini, kwa sababu gesi ikivuja ni nzito, hutambaa sakafuni, lingine juu. Na matundu yaliyo juu ya madirisha, yale niliyoyaziba kwa viroba vya mbolea, niyazibue leo leo.

Nikamweleza kwamba mtaa mzima huziba. Ikiingia Juni, Njombe yote inavaa viroba. Nikamweleza pia kwamba nilizaliwa Lugarawa katika nyumba ambayo moto uliwaka katikati mchana kutwa, haikuwa na dirisha hata moja, na tulikua watoto tisa.

Akaniambia, "Babu, ile ilikuwa ya nyasi. Nyasi zinapumua. Hii ni saruji, bati na dari. Haina pua mpaka uitoboe."

Nikaukumbuka moshi wa mama ukichujika kwenye paa alfajiri, polepole, kama vile nyumba yenyewe inavuta kiko. Nikaanza kuvitoa viroba. Si kwa kukubali.

Jumatatu, 7 Julai

Kazi imekwisha. Lidia alipaka povu la sabuni kila kiungo akapiga magoti kutazama kama linatoa viputo. Hakuna. Akatundika ukutani kidude cheupe kinachopiga kelele hewa ikichafuka. Akawasha. Mwali wa buluu, mtulivu. Akaniapisha: ukigeuka njano, nizime, nifungue milango, nimpigie.

Niliapa. Kisha nikatazama kipimajoto. Kumi na sita!

Baridi inaingia kwa tundu la chini, inazunguka sebule kama mgeni rasmi, inatoka kwa tundu la juu. Hosea alikuja, akanyoosha viganja mbele ya kioo, akasema hiki si moto, ni kibatari kilichoenda shule.

Oktavia anataka ishirini. Zimebaki siku tano.

Jumanne, 8 Julai

Nimeziba tundu la chini kwa kiroba. Kumi na nane.
Nimeziba la juu. Kumi na tisa na nusu.
Nimerudisha viroba juu ya madirisha. Ishirini na moja.

Hesabu haidanganyi. Lidia amesomea gesi, mimi nimesomea kujumlisha.

Jumatano, 9 Julai

Nimepanda juu ya bati kwa ngazi ya Hosea (nilimwambia natafuta panapovuja). Nikaligusa bomba la moshi. La moto! Yaani siku tatu nimekuwa nikizipasha joto mbingu za Njombe, na Oktavia hayuko mbinguni. Nikalifunika kwa debe la mafuta, nikaweka tofali juu.

Ishirini na nne! Huu ni Tanga mtupu. Nimevua koti kwa mara ya kwanza tangu Aprili.

Saa kumi kidude cheupe kikaanza kupiga kelele. Hakuna moshi. Hakuna harufu, na pua hii imekaa miaka thelathini na minane kando ya mkonge unaooza. Kidude ni kibovu. Nimekitoa betri. Zimeingia kwenye redio vizuri kabisa.

Alhamisi, 10 Julai

Kichwa kinauma. Miwani.

Mwali umekuwa wa njano. Mzuri zaidi, kama moto wa kuni wa nyumbani. Kioo kinapata weusi pembeni, nakifuta.

Lidia amepiga simu kuuliza rangi. Nikamjibu buluu, kama vazi la Bikira Maria. Akauliza matundu. Nikasema yapo. Yapo kweli. Hakuuliza yana nini ndani.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetapika. Nalishuku parachichi alilonipa Hosea.

Jambo la kuandika: nilikaa saa mbili nje nikipalilia kabichi, kichwa kikapoa. Niliporudi ndani kusoma, kikaanza tena. Basi ni miwani. Jumatatu nitakwenda kwa daktari wa macho.

Nimelaza blanketi chini ya mlango. Upepo wa mwisho umefungiwa nje. Ishirini na tano.

Jumamosi, 12 Julai

Amefika saa sita. Alisimama mlangoni, akanusa. Hakukohoa! Akavua koti. Akavua sweta. Akavua na sweta la pili, ambalo sikujua analo. Akasema, "Xaveri, hapa mtu anaweza kushona." Akaenda kwenye cherehani, akapangusa vumbi kwa kanga yake. Nikatoka kwenda jikoni machozi yasionekane.

Saa nane. Tumekula. Anasema kichwa kizito. Safari.

Saa tisa. Ameomba nifungue dirisha kidogo. Nimesema baadaye kidogo, joto lisimwagike. Akacheka. Mimi mbishi tangu zamani, anasema.

Saa tisa na nusu. Amelala kitini. Nimemwita, ameitika kutoka mbali. Mwache apumzike. Mwandiko wangu unapanda mlima, sijui kwa nini. Nataka kusimama nimfunike. Miguu inasema ngoja.

Jumatatu, 14 Julai

Hospitalini. Kichwa bado kama gunia la mchanga, lakini kalamu inashika mstari.

Niliyoelezwa ni haya. Hosea alikuja saa kumi Jumamosi kumsalimu Oktavia, na kuona, amekiri mwenyewe, kama kibatari changu kimemfaa. Akabisha. Kimya. Akachungulia: moto wa njano, na vichwa viwili vimeinama kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Mlango umefungwa, tena una blanketi. Akavunja dirisha kwa mpini wa jembe, akaingia, akazima gesi. Alimbeba Oktavia kwanza. Mimi alinivuta kwa miguu.

Nikamuuliza ni kioo kipi alichovunja.

"Mzee Tanga, anza na asante," akasema.

Nikasema asante. Kisha nikamuuliza ni kioo kipi.

Daktari anasema moto ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu, na Oktavia angebaki mle nusu saa zaidi asingeamka. Amewekewa hewa safi usiku kucha. Jana asubuhi alifumbua macho.

Lidia amekuja kutoka Makambako. Alipanda juu ya bati, akateremka na debe, akalileta hapa wodini. Akaliweka miguuni pa kitanda changu, akaondoka bila kusema. Ningependelea matusi.

Jioni walinisukuma kwa kiti hadi wodi ya wanawake. Oktavia alinishika mkono muda mrefu. Halafu akauliza taratibu, "Ulitaka nibaki, Xaveri, au ulitaka nisiondoke tena kabisa?"

Nikatazama saa ya ukutani. Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni.

Jumapili, 27 Julai

Makambako. Cherehani imehamia kwa Consolata, na mimi nimehama nyuma yake, nimekibeba kichwa cha cherehani mapajani toka Njombe hadi hapa. Oktavia amenipokea kwa sharti moja, tena mbele ya binti yetu kama shahidi: nisiguse kitu chochote kinachowaka. Nimekubali. Yuko hapa pembeni anashona, kifua kimetulia. Nusu saa nzima nimemsikiliza akivuta pumzi. Sijui kitabu kinachosomeka vizuri kuliko hicho.

Mji huu una upepo mwingi, lakini si baridi ya Njombe. Kero ni moja tu: maji ya kuoga. Kila alfajiri Oktavia anaoga maji baridi, na namsikia akishtuka. Inaniumiza.

Nimekwenda sokoni baada ya misa. Yule yule muuza mitumba ana chombo kidogo cha gesi cha kuchemshia maji, kinatundikwa bafuni. Mimi sitawasha kitu. Ukifungua bomba kinajiwasha chenyewe. Sharti halijavunjwa. Lidia hana haja ya kusumbuliwa, chombo ni kidogo sana.

Nimelipima bafu la Consolata mara mbili kwa futi kamba. Mita moja na nusu kwa mbili. Halina dirisha hata moja, na mlango unabana vizuri. Chumba kana kwamba kilijengwa kwa ajili yake!

Chombo nitakifunga kesho, Oktavia na Consolata wakiwa sokoni. Oktavia ataoga wa kwanza.