Simu ya Marehemu Mzee Toản

Umma unatangaziwa kwamba kuanzia Ijumaa, simu yoyote iliyotimiza miaka miwili itahesabika marehemu na kukatwa mtandao. Ndivyo ilivyobandika Ofisi ya Umri wa Simu, kata ya Vĩnh Lộ. Mama Khuyên alilisoma tangazo mara mbili. Simu yake ilikuwa na miaka mitatu, na bintiye Thoa, aliyeko kibaruani Taiwan, alikuwa anajifungua wiki ileile. Njia nyingine ya kumsikia hakuwa nayo.

Bwana Lạc, mkuu wa ofisi, aliipokea simu kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

"Pole, Mama. Hii imeshakufa."

Papo hapo ikaita. Alikuwa Thoa.

"Mbona inaita, mwanangu?" Mama akamuuliza Lạc.

"Inaita kwa kukosa taarifa."

Akamweleza kwa upole kuwa simu ikiishi sana inalichosha taifa, na kwamba utafiti wa jambo hilo ulifanywa na wauza simu wenyewe, watu wasio na upendeleo, hata feni ya ofisi walitoa wao. Rufaa ilikuwepo: mwenye simu aje mwenyewe, na simu yake, iwe haijafa.

Sasa, kazi ya Mama Khuyên ilikuwa kukunja karatasi: nyumba, pikipiki, simu, vitu wanavyochomewa wafu ili wavitumie huko waliko. Akauliza kama sheria inabagua.

"Haibagui. Simu zote."

"Basi na ile niliyomkunjia marehemu baba yako. Miaka mitatu sasa."

Kalamu ya Lạc ikasimama. Kata nzima ilijua hapigi hatua bila kumwarifu baba. Kila mwezi mwandamo na kila mwezi mpevu alimchomea ubani, na Ijumaa hiyo alikusudia kumwomba cheo cha wilaya.

Akasema atamchomea mpya.

"Nitakukunjia, mwanangu, kazi yangu hiyo. Lakini mzee Toản alikaa na redio moja miaka arobaini. Nani kule atamwonyesha pa kubonyeza?"

Foleni ikakohoa. Muuza tofu mmoja akashauri rufaa.

"Mwenye simu aje mwenyewe," akakumbusha mwenzake wa nyuma, kwa heshima zote.

Lạc akautazama mlango. Feni ilikuwa inausukumasukuma. Akainuka, akaufunga.

Alhamisi lilibandikwa tangazo jipya: baada ya utafiti wa kina, simu itahudumiwa maadamu mwenyewe angali anakumbukwa.

Jumapili Mama Khuyên alimsikia mjukuu wake akilia, simu ileile ikiwa sikioni. Nanyi wenye watoto mbali, msikimbilie kuizika simu kwa sababu karani amekupeni pole.

Ofisi ingali inahudumia. Ila siku hizi mlango umetiwa komeo saa zote za kazi, na mtu mzee akibisha hodi, kwanza huulizwa kwa sauti ndogo ni baba wa nani.