Kivuli cha Kukunjwa

Jumatatu, 3 Juni
Aibu! Jana baada ya misa wazee wa Shabunda walifika kwangu, kama kila Jumapili. Wakakaa barazani. Jua la alasiri likawapiga usoni, wakahamia ng'ambo ya ua. Kwa jirani yangu Anaclet! Mzaliwa wa Miti, kijiji cha hapa karibu, hajawahi kukimbia hata mvua. Ila ana kivuli. Basi wenzangu, tuliokimbia vita pamoja, wanasikiliza habari za ng'ombe wake badala ya mto wetu Ulindi. Lazima warudi.
Virginie, mke wangu, anashauri tupande marakuja, yaani pasheni, itambae kwenye waya. Mwaka mmoja tu, baraza lote limefunikwa. Mwaka! Mimi hapa Bukavu ni mpita njia. Sipandi. Akasema nilisema hayohayo binti yetu Aurore akiwa tumboni, na Aurore sasa anafundisha chuo kikuu.

Jumatano, 5 Juni
Soko la Kadutu. Turubai? Kamwe. Nimelala chini ya turubai vya kutosha. Mabati? Huwezi kuyakunja siku ya kurudi nyumbani. Nimechukua parasoli kubwa ya kijani, mwavuli wa jua. Inakunjika, inabebeka, itapanda lori bila matata. Muuzaji, Joviale, alinikimbilia: "Papa, na muguu yake ya beto? Bila ile, upepo itaibeba!" Nikamwambia sitabeba mguu wa zege mpaka Shabunda. Alicheka hadi akaketi.

Ijumaa, 7 Juni
Jaribio. Saa kumi jua limeshainama, na kivuli kinaanguka nje ya baraza, juu ya kuku. Kuku wamefurahi sana. Nimeilaza parasoli upande, nimeifunga kwa kamba kwenye kiti cha Marcellin, mzito kuliko wazee wote. Mwenyewe hajui kwamba ndiye nanga. Akili!

Jumapili, 9 Juni
Walirudi wote! Kivuli safi. Nilianza habari za Ulindi, nilikuwa nimefika kivukoni, mtumbwi unayumba, na Marcellin akainuka kutafuta sukari. Sukari! Upepo wa ziwa ukaingia. Parasoli ikapaa pamoja na kiti, ikatua katikati ya ua wa Anaclet. Badala ya kuirudisha, akaichimbia shimo, akaikaza kwa mawe. Akanishukuru kwa sauti: "Papa Ignace, merci! Sasa kivuli iko mbili! Mulete viti!" Wakaleta. Viti vyangu. Hata Virginie alivuka, na birika mkononi. Nilibaki peke yangu hadi jua likanishinda.
Nikavuka. Nikakaa chini ya parasoli yangu mwenyewe, nikisikiliza ng'ombe.

Jumatatu, 10 Juni
Virginie ameleta miche ya marakuja, ameanza kuchimba. Nimemzuia. Aipande ndani ya ndoo, yenye mkono, ili tuondoke nayo. Akauliza marakuja ya ndoo itafunika baraza lini. Swali la mtu asiye na safari!
Kesho asubuhi narudi kwa Joviale. Niliona parasoli nyingine pale, pana kuliko ile. Na nyepesi zaidi!