Pacha Kwenye Pazia

Jumapili, 2 Machi

Vichupa vya mate vimefika! Kimoja cha mama, kimoja changu, kimoja cha kaka. Unatema, unafunga, unatuma maabara. Wao wanasoma vinasaba, kisha programu kwenye kompyuta inakuchorea ukoo mzima. Kuanzia leo mimi ndiye mwanahistoria wa familia hii. Fundi mapazia, naam. Lakini mwanahistoria.

Sababu ya kweli naiandika hapa tu, maana hapa hapasomi mtu. Kaka ni mhandisi, anakaa mji mwingine, na hupiga simu kila Jumapili jioni. Siku hiyo mama huoga mapema na kuvaa kama anayekwenda kupigwa picha. Mimi nafika kwake kila siku. Nikiingia huniuliza kama nimefuta miguu. Nataka siku moja, moja tu, awaambie watu kwamba mwanangu huyu kafanya jambo.

Mama katema vizuri, baada ya kuuliza kama anaruhusiwa kuwapa mgongo wanawe kwanza. Kaka, aliyekuja kumsalimia, kakataa katakata mbele yake. Kasema mate yake hayaendi kwa watu asiowajua, na jina lake lisiandikwe popote. Nikamjibu kwamba sayansi haimngoji mtu. Akaniambia nimletee maji ya kunywa. Nikaleta. Ningefanya nini, na mama anatazama?

Baadaye: nimepata njia! Mimi na kaka tumetoka tumbo moja. Baba mmoja, mama mmoja. Mate yetu yatatofautianaje? Nimekijaza kichupa chake kwa mate yangu mwenyewe. Kwenye jina nimeandika "Ndugu wa Kiume", ahadi ni deni. Mke wangu aliponikuta natema mara ya pili akauliza kama nina kichefuchefu.

Jumatano, 23 Aprili

Majibu! Programu imechora yenyewe. Mama juu, mimi chini yake, na ubavuni mwangu kisanduku cha "Ndugu wa Kiume". Mistari yetu miwili inatoka nukta moja. Ndani ya kisanduku kumeandikwa: pacha wa kufanana. Hai.

Nimecheka peke yangu dukani mpaka mteja akaondoka. Pacha! Kaka kanizidi miaka mitano! Nilitaka kufuta, kisha nikasema ngoja. Kama sisi ni pacha, ukubwa wake uko wapi? Acha akajionee mwenyewe mbele ya ukoo, halafu niseme mashine imekosea. Hilo neno "Hai" programu humwekea kila mtu usiyemwandikia tarehe ya kufa. Hata babu yake babu alikuwa hai mpaka nilipomshughulikia.

Ijumaa, 25 Aprili

Ukoo umechapwa kwenye kitambaa kizito, rangi ya maziwa, cha kutosha dirisha kubwa la sebuleni kwa mama. Nani mwingine angewaza pazia? Wengine hutundika karatasi.

Pazia zuri lazima liwe na marinda. Kwa bahati mbaya, marinda yamemmeza mke wa kaka na watoto wao wote. Bahati mbaya hiyo nimeipima mara tatu kabla ya kushona. Sasa "Ndugu wa Kiume" kasimama peke yake, hana mke wala mtoto. Mke wangu kasema huu ni uchokozi. Nikamwambia hii ni fani.

Jumapili, 27 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa sebuleni kwa mama. Kaka hakuja, eti kazi, kwa hiyo utani wangu ukakosa mwenyewe. Nilivuta pazia wakapiga makofi. Shangazi alijitafuta kwa muda mrefu, akajikuta chini karibu na pindo, akanuna. Kisha kinyozi, jirani yetu, ambaye hakuna aliyemtuma, akasoma kwa sauti: ndugu wa kiume, pacha wa kufanana, hai! Watu wakacheka.

Mama hakucheka. Alinyanyuka, akaweka kiganja juu ya kile kisanduku. Akaniuliza kama mashine inaweza kusoma mate ya mtu ambaye hakutema. Mimi na sifa zangu nikamjibu haiwezi kabisa, mashine husoma kilicholetwa tu. Akasema basi kuna mtu kaleta, maana kaka yako alikataa nikiwepo.

Akakaa. Akaeleza, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba siku niliyozaliwa nilikuwa wa pili. Wa kwanza alitoka mtoto mwingine wa kiume. Mkunga alisema hapumui, akamfunga kwenye taulo akaondoka naye. Mama hakuonyeshwa. Baba akakataza jambo hilo lisitajwe tena, halikutajwa. Lakini kuna kilio alichokisikia kwenye ujia, na mpaka leo hajui kilikuwa cha mtoto wa nani.

Kisha akanishika mkono mbele ya watu wote. Akasema: "Mnamwona huyu? Huyu kamtafuta mwenzake."

Ndiyo maneno niliyoyataka maisha yangu yote. Ilikuwa niseme pale pale. Sikusema. Mungu anisamehe, niliona haya, na pia niliona raha.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama kanipigia sijanywa chai. Maabara wamejibu? Anakaa wapi? Ana watoto? Nikasema sayansi huenda polepole. Nilipofika kwake alikuwa ametoa sindano za kufumia ambazo hajazishika tangu baba afariki. Akanipima mabega. Anafuma sweta mbili, kwa sababu kipimo ni kimoja.

Anaongea kama msichana. Hilo ndilo linaloniumiza. Mke wangu kasema niende nikaseme leo hii, jipu likiiva hutumbuliwa. Nikamwambia kesho.

Alhamisi, 1 Mei

Nilipata mpango wa huruma. Pacha atapiga simu mara moja tu. Atasema hajambo, anakaa mbali, maisha ni mazuri, asitafutwe. Mama atatulia na mimi nitapumua. Na uzuri wake ni huu: pacha wa kufanana sauti zao hufanana, hakuna haja hata ya kujigeuza! Sijui akili hii huwa inatoka wapi.

Nikaazima simu ya kinyozi, nikapiga kutoka pale pale kwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali: kazi, watoto, hali ya hewa ya huko mbali. Mama akauliza kitu kimoja tu. Waliokulea, walikutendea wema?

Nikasema ndiyo, mama. Kisha nikalia kwa sauti, hadi mteja aliyenyolewa upande mmoja wa ndevu akageuka kunitazama. Nikakata simu. Kinyozi hakutaka hata nimweleze, alinipa taulo tu.

Nilipokwenda kwa mama jioni aliniangalia sana. Akaniuliza kama nina mafua. Nikasema ni vumbi la vitambaa. Sweta zilikuwa zimewekwa chini ya kiti.

Jumamosi, 3 Mei

Shangazi kamwambia kaka. Kaka kaja na gari, hata mkoba hakushusha. Kaniuliza swali la kihandisi: kichupa changu kilijaa mate ya nani? Nikasema mate yetu. Akanishika ukosi wa shati, mtu mzima mimi, mwenye duka, akaniingiza sebuleni kwa mama.

Nimesema yote. Mate, marinda, simu. Kaka alipaza sauti kwamba mimi sina akili wala aibu, kisha akamgeukia mama: na yeye kwa nini alituficha miaka yote? Mama akamwambia apunguze sauti. Mimi hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Aliomba mkasi na sindano. Nikajua pazia limekwisha. Kumbe alitaka nifumue marinda yaliyowameza wajukuu wake, waonekane. Kisha nishone rinda dogo juu ya lile neno moja, "Hai". Kisanduku chenyewe kibaki. Kasema mtoto yule hakuwahi kuandikwa mahali popote, na hapo alipoandikwa, hata kama ni kwa ujinga, asiondolewe.

Nimeshona hapo hapo, yeye kakaa pembeni. Mshono umekwenda upande. Kwa mkono wangu nilimpa mama mtoto, na kwa mkono huo huo nimemzika, mbele yake. Kaka kaondoka bila kula. Najuta, na majuto ni mjukuu, huyu wangu kaja na mizigo yake yote. Nimeapa mbele ya mke wangu: hila basi. Basi kabisa.

Jumapili, 11 Mei

Jumapili iliyopita kaka hakupiga simu. Bado kanuna, kwangu na kwa mama. Leo mama kaoga mapema, kavaa vizuri, kakaa na simu mapajani. Jua likashuka. Simu kimya. Alikuwa akiifuta kioo kwa ncha ya nguo tu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia naenda kuangalia bomba la maji nje. Nikakimbia kwa kinyozi kuazima simu yake tena, nikarudi nikasimama barazani, leso mdomoni, nikapiga. Sauti ya kaka naijua: unaongea kama unayesimamia ujenzi. Nikamsalimia. Akaitikia vizuri. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula, na nikaongeza kwamba yule mdogo wangu ni mpumbavu, ili ionekane ni kaka kweli.

Mama akasema ni kweli, mpumbavu. Kisha akasema lakini ndiye anayekuja. Kila siku anakuja, na yeye akisikia hodi yake moyo hutulia, ila hajawahi kumwambia kwa sababu mtoto yule akisifiwa huharibu kitu. Leso ilikuwa imelowa.

Mwishowe akasema, "Haya, ingia ndani sasa, mbu watakumaliza hapo barazani."

Nimeshangaa sana. Kaka anakaa ghorofani, hana baraza. Maskini mama, umri umeanza kumchezea. Lakini sauti yangu ya kaka ni kiboko! Jumapili ijayo nitampigia mapema, kabla hajaanza kungoja.