Amri ya Kutorudi Nyuma Mpira Ukiwa Juu

Mwaka ule wa sitini na nne wananchi wa Kisangani walipewa heshima kubwa. Serikali ya Ukombozi, ikiwa mjini kwa majuma machache tu na vita kila upande, iliona kwamba jambo lisiloweza kungoja ni mipira inayopigwa juu. Ikaunda Kurugenzi ya Ulinzi dhidi ya Mipira ya Juu na kuikabidhi kwa Kamishna Sébastien Lifoko, karani wa posta mpaka juzi, ambaye hakuwahi kugusa mpira maishani mwake. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kumshuku upendeleo.

Mpira wenyewe ni ule wenye umbo la yai, wa watu kumi na watatu kila upande. Padri mmoja Mfaransa aliuacha alipofungasha virago wakati wa uhuru, na vijana wakaupenda. Unakimbia nao, unaangushwa, unaamka. Ukikosa njia, unaupiga teke mpaka mawinguni, kisha mnamvamia yule maskini anayeusubiri chini. Padri aliliita teke hilo chandelle. Maskini wa timu ya mjini alikuwa Sefu, fundi cherehani, mlinzi wa nyuma kabisa.

Sefu hakuwa na siri. Mpira ukipanda, alirudi nyuma hatua kadhaa, macho juu, halafu akaujia mbele na kuudaka kifuani. Ukikupita kichwani, basi tena, umekwisha.

Ijumaa, mazoezini, Kamishna alimwona akirudi nyuma.

"Wewe, kwa nini unakimbia adui?"

"Nilikuwa naenda kuudaka, papa Kamishna."

"Wote wanasema vile."

Jioni ile ile amri ikasomwa uwanjani. Wachezaji watanyunyiziwa maji ya dawa kama wapiganaji wanaokwenda vitani, na masharti ya dawa yatakuwa yale yale: kwenda mbele tu, macho mbele tu. Mpira ukiwa juu, wote watapiga kelele "Mai", yaani maji, kama wapiganaji wanavyoziambia risasi, nao utageuka maji kabla ya kufika chini. Atakayerudi nyuma anaharibu dawa ya wote, pamoja na ya askari, hivyo akamatwe papo hapo bila kuangaliwa cheo. Askari walisikiliza kwa makini sana. Wao Jumanne walikuwa wanapelekwa mbele kwenye risasi, na dawa ndiyo ngao pekee waliyopewa.

"Na Jumapili tukishindwa na Isangi, chef?" Sefu aliuliza.

"Bon. Ile itakuwa hujuma. Hujuma iko na adhabu yake."

Sefu alirudi nyumbani. Jirani yake, papa Daudi, fundi wa saa, alichukuliwa kwa kosa la kuwa na redio. Mkewe alimpelekea chakula gerezani kila siku, na tangu Jumatano kilikuwa kinarudi kilivyokwenda. Mtaani hakuna aliyethubutu kumwambia mama yule maana yake. Sefu aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

"Nikirudi nyuma wananifunga. Nisiporudi, tunashindwa, wananifunga," alimwambia mkewe, Safi.

Safi alimsogezea samaki na chikwangue, ule mkate wa muhogo. "Alors, kula kwanza. Halafu umwambie yeye mwenyewe akufundishe. Si ndiye mukubwa wa mipira ya juu?"

Jumapili wakaja wapiga makasia wa Isangi na mtu wao Arthur, ambaye teke lake lilichelewa kushuka mpaka watu wakaanza kuzungumza mambo mengine. Wa mjini walikaza macho mbele, wakapiga kelele "Mai" kwa nidhamu ya kupigiwa mfano. Mpira haukupata taarifa. Uliwapita vichwani, ukadunda, na watu wa Isangi wakauokota na kufunga wapendavyo.

Mapumziko, Kamishna alikuja akitoka jasho.

"Hii ni hujuma."

"Papa Kamishna," Sefu alisema kwa adabu zote, mbele ya askari, "sisi bado wanafunzi. Utuonyeshe mara moja tu, tuige."

Uwanja mzima ulimtazama Kamishna. Alivua kofia yake ya ngozi ya chui, akaenda kusimama mahali pa Sefu, akatoa kifua.

Arthur akaupiga. Kamishna alisema "Mai", mara ya kwanza kwa sauti ya serikali, mara ya pili kwa sauti ya karani. Mpira uliendelea kuwa mpira. Akatazama juu. Akarudi hatua moja, kisha nyingine, kisha akageuka na kutimua mbio, mikono kichwani, mpaka akaangukia miguuni pa askari wake mwenyewe nyuma ya mstari.

Askari walitazamana. Waliiwaza safari ya keshokutwa, wakaziwaza risasi, wakamshika mikono.

"Niacheni, miye ndiye Kamishna."

"Bila kuangalia cheo, chef," alijibu koplo, akimsukuma kwenye lori.

"Nilikuwa naenda kuudaka."

"Wote wanasema vile."

Askari wote wakapanda kumsindikiza, maana mharibifu wa dawa halindwi na mtu mmoja. Lori likaelekea gerezani kwa papa Daudi. Sefu alilisindikiza kwa macho mpaka likakata kona, kisha akarudi mahali pake. Arthur alipoupiga tena, alikwenda nyuma hatua alizotaka, akainua macho, akaungoja.