Njia ya Kumi ya Mjini

Mwezi wa Februari mwaka 2012, Shirikisho la Mbio za Magari Mepesi lilitangaza rasmi, kutoka makao yake makuu mjini Brussels, kwamba tangu siku hiyo litawasikiliza mashabiki. Tangazo lilisomwa na Rais wa Shirikisho, Bwana Hervé Vanhamel, mbele ya waandishi wa habari wanne na keki moja. Alisema usikilizaji huo utakuwa wa kina, wa kudumu na wenye uratibu, na kwamba utakuwa umekamilika ifikapo tarehe thelathini na moja Machi.

Kazi ya kusikiliza akapewa Mauwa.

Mauwa alikuwa mwanamke wa Bukavu, wa miaka arobaini na mmoja, aliyekuwa mwalimu wa jiografia kabla vita havijamtoa kwao. Hapa Brussels alikuwa amefanya kazi miaka saba katika nyumba ya kutunza wazee, akiwaogesha, akiwavisha na kuwageuza vitandani, mpaka mgongo ukamgomea. Kwa hiyo Shirikisho lilipompa mkataba wa mpaka mwisho wa Juni, pamoja na meza, kiti cha kuzunguka na kibao cha jina kilichokosewa herufi moja tu, alimshukuru Mungu na hakuuliza maswali. Kuhusu mbio za magari hakujua kitu. Bwana Florent, mkurugenzi wa ofisi ya Rais, alimweleza kwamba hilo ndilo lililompatia kazi, maana mtu asiyejua jambo hawezi kuwa na upendeleo.

Suala lenyewe halikuwa gumu. Ratiba ya mwaka ilikuwa na mashindano kumi na mawili. Tisa yalifanyika katika barabara za mijini, katikati ya kuta za zege, karibu na hoteli nzuri. Mawili yalifanyika katika viwanja vipya, tambarare kama meza ya kupigia pasi. Moja tu lilibaki kwenye njia ya zamani kule Ardennes, inayopanda na kushuka vilima katikati ya misonobari, mahali ambapo hoteli ya karibu ina bafu moja kwa kila ghorofa. Rais alilala huko mara moja, mwaka 2006, na tangu hapo hakuacha kuzungumzia haja ya uwiano. Uwiano, kwa ufafanuzi wa Bwana Florent, ulikuwa njia kumi za mjini, mbili za tambarare, na vilima vipumzishwe.

Mashabiki wakatumiwa fomu. Swali la kwanza liliuliza kama wanazipenda njia za mjini sana, sana kabisa, au kwa kiwango cha kuridhisha. La pili liliuliza kama wangependa nyingine. Mashabiki, ambao hawana nidhamu, waliacha visanduku vitupu wakaandika mgongoni mwa karatasi. Zikarudi fomu elfu sita mia mbili na kumi na mbili.

Mauwa alizisoma zote. Hakuna aliyemwambia azisome, aliambiwa azipange. Lakini mwalimu akiona karatasi imeandikwa kwa mkono hawezi kuipita. Alisoma kwenye metro, alisoma jikoni kwake Saint-Gilles huku sombe, kisamvu cha kwao, ikichemka. Mtu mmoja wa Namur aliandika kwamba kutazama mbio za mjini ni kama kutazama foleni ya posta, ila posta angalau wa nyuma anaweza kupenya mbele. Mjane wa Charleroi alieleza kwamba yeye na marehemu mumewe walikalia kona moja kule Ardennes miaka ishirini na miwili, na sasa anauliza Shirikisho limepanga yeye akakae wapi. Wapo waliozipenda njia za mjini kwa sababu treni inafika, na waliyasema hayo kwa adabu. Hao walikuwa mia mbili sabini na wawili. Wengine wote, elfu tano mia tisa na arobaini, walitaka za mjini zipunguzwe na vilima viachwe.

Mmoja wao, Donat, alikuwa ameandika mara arobaini na tatu. Pendekezo lake halikubadilika: nne za mjini, nne za tambarare, nne za vilima, ili kila dereva ajulikane anachoweza na asichoweza. Barua moja yote ilihusu mvua. Kule vilimani, aliandika, mvua hunyesha kona hii na jua likawaka kona ile, na hakuna wa kumwambia dereva afanye nini. Anaamua kwa hisia zake mwenyewe. Mauwa aliisoma hiyo mara mbili na chakula kikaungua.

Makapu ya kupangia yalikuwa matatu: Walioridhika, Walioridhika kwa Masharti, na Wanaohitaji Kuelimishwa. Mwisho wa Machi Mauwa alimpelekea Bwana Florent hesabu, akaeleza kwa wasiwasi kwamba kapu la tatu limefurika. Bwana Florent hakushtuka. Alimkalisha chini akamwelimisha. Shirikisho, alisema, lina mashabiki milioni nne. Anayejisumbua kuandika, ameudhika. Asiyeandika, ameridhika. Basi wameudhika elfu tano na kitu, na wameridhika milioni tatu, laki tisa na elfu tisini na kitu. Aliikadiria hesabu kuwa asilimia mia, kwa ajili ya usomaji mwepesi.

"Lakini hawa wameandika," Mauwa akasema.

"Ndiyo maana tunawaheshimu, Madame. Weka sahihi hapa."

Mauwa aliufikiria mgongo wake, akawafikiria wazee wa kugeuzwa, akaweka sahihi. Usingizi wake haukuwa mzuri wiki ile. Shirikisho, kwa kutambua mchango wake katika kuwaridhisha mashabiki, likamwongezea mkataba mpaka Desemba.

Siku chache baadaye, mapokezi wakampigia simu kwamba kuna bwana mmoja amekuja bila miadi. Alikuwa mzee mrefu aliyevaa koti lililopigwa pasi na kushika kofia mkononi. Alikuwa fundi wa malori ya mgodi huko Likasi, kisha fundi wa tramu hapa Brussels, na sasa alikuwa amestaafu.

"Bonjour, maman," akasema. "Mi njo Donat. Wa ma-lettre quarante-trois."

"Nakujua, papa. Karibu, ikala."

Hakukaa. "Bon, nilikuya kuuliza kintu moja tu. Zile ma-lettre, kuko muntu alizisoma?"

"Nilizisoma, papa. Zote."

"Hata ile ya mvua?"

"Hata ile ya mvua."

Donat aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa zaidi ya alichoomba. "Alors, iko sawa," akasema. "Aksanti sana, maman." Akavaa kofia yake akaondoka. Hakuuliza zilijibiwa nini.

Mauwa alirudi mezani akakaa mbele ya ile ripoti yake. Angeulizwa, angeweza kujitetea. Tatizo ni kwamba hakuulizwa. Mchana ule aliandika upya hesabu ya kweli, akachagua barua mia moja, ya mjane ikiwemo, akazibana pamoja na kuziita Kiambatisho cha Saba. Bwana Florent alikiidhinisha bila kukifungua. Ripoti nzito hupendeza mezani, alisema, na hakuna mtu aliyewahi kudhurika na kiambatisho.

Sasa ikabaki kuipata njia ya kumi ya mjini. Ili kuepuka upendeleo, ikaundwa kanuni. Barabara ilipewa pointi kwa upana wake, kwa kona zake za mraba, kwa ukaribu na hoteli yenye nyota nne, na pointi tano za nyongeza kama ipo karibu na hospitali. Ramani za miji kumi na moja zikapitishwa kwenye kanuni, na kanuni ikaichagua Brussels, upande wa Woluwe-Saint-Lambert, kwenye mitaa tulivu yenye miti na milango iliyopakwa rangi kila mwaka. Sehemu za njia zikaitwa Sekta ya Kwanza mpaka ya Nne, kwa kuwa majina ya mitaa huleta hisia.

Mauwa aliitambua Sekta ya Nne mara alipoiona. Aliwahi kutumwa huko kupeleka maua, siku ya kuzaliwa ya mke wa Rais. Alikwenda kwa Bwana Florent.

"Kuhusu Sekta ya Nne," akaanza, "kuna mkazi mmoja pale ambaye..."

"Wakazi wana kapu lao, Madame."

"Huyu ni mkazi wa pekee."

"Wote hudhani hivyo." Bwana Florent aliweka kalamu chini, kwa upole. "Madame Mauwa, wewe umeajiriwa kusikiliza. Mambo ya kusema yana idara yake."

Mauwa akaandika jambo lile kwenye ukurasa wa pili wa faili, waziwazi, pamoja na namba ya nyumba, akalipandisha kwa Rais. Rais alitia sahihi ukurasa wa kwanza. Vibali vikapatikana. Wakazi wakaandikiwa barua. Ya Rais ilifika kwake, naye, kwa kuona nembo ya Shirikisho, akairudisha ofisini ili ishughulikiwe na wahusika.

Mashindano yakapangwa Jumapili ya tatu ya Septemba. Jumamosi asubuhi Rais aliamshwa na kreni. Alipofungua mlango, alikuta mbele yake ukuta wa zege wenye kimo cha kifua na waya juu yake. Alimpigia simu Bwana Florent, akapongezwa kwa mahali pazuri alipopata pa kutazamia.

Jumapili, saa nne, Rais alivaa suti ya bluu na beji ya dhahabu, akatoka kwenda kwenye jukwaa la wageni wa heshima, mita mia nne kutoka kwake. Kwenye geti la ukuta alisimama mlinzi, mtu mzima wa Uvira, mpole, mwenye vesti ya rangi ya machungwa. Alimwomba kibali cha kuvuka.

Rais alisema yeye ni Rais.

Mlinzi akasema yeye ni Waziri, akamwonyesha kibao cha jina kifuani.

Rais alieleza kwamba hatanii. Waziri akaeleza kwamba yeye pia hatanii, ni jina alilopewa na baba yake. Kisha akatoa mfukoni Kanuni za Usalama, akamsomea kifungu: mkazi wa ndani ya uzio atavuka kwa kibali kilichotiwa sahihi na Rais wa Shirikisho na kupigwa muhuri ofisini. Rais akasema basi atatia sahihi papo hapo. Waziri alikubali kwamba sahihi inawezekana. Akauliza muhuri uko wapi. Muhuri ulikuwa ofisini. Na ofisi ilikuwa upande wa pili wa ukuta.

"Nani ameandika upuuzi huu?" Rais akauliza.

Waziri aligeuza ukurasa wa mwisho, akasoma jina taratibu, herufi kwa herufi, akamtazama yule bwana kwa huruma ya kweli. "Yeye hayupo hapa, Monsieur. Ameshafika jukwaani."

Kweli, kiti cha Rais kilikuwa na kadi ya jina lake, na Bwana Florent alikuwa ameshatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Rais yu pamoja nasi.

Mauwa alikuwa jukwaani, safu ya mwisho. Magari ishirini na mawili yalianza saa saba, yakafuatana mizunguko hamsini na miwili kwa utaratibu ule ule yalioanza nao, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya lolote kulipita jingine. Aliona kwa macho yake yote aliyoyasoma, na akaikumbuka posta ya Namur. Kwenye mzunguko wa thelathini kamera za televisheni, zikitafuta chochote kinachosogea, zilipata dirisha moja la ghorofani Sekta ya Nne. Dirishani alikuwemo bwana mmoja mwenye shati lililochomoka kwenye suruali na tai iliyopinda, akipunga taulo kwa mikono yote miwili, mdomo umefunguka mpaka magego yanaonekana. Kelele za injini zilimeza alichokuwa akisema. Mtangazaji aliwaambia watazamaji wa nchi ishirini na sita kwamba huyu ni shabiki ambaye furaha imemzidi.

Jumatatu Rais alifika ofisini amepoteza sauti. Aliwaita Florent na Mauwa, akauliza kwa kunong'ona kama kuna shabiki yeyote, popote, aliyewahi kulalamika juu ya njia za mjini. Bwana Florent alisema la, asilimia mia wameridhika. Mauwa alitoka, akarudi na Kiambatisho cha Saba, akakiweka mezani.

"Ni hawa, Monsieur le Président. Elfu tano mia tisa na arobaini."

Rais alifunga mlango akasoma mpaka adhuhuri. Mauwa hakujua kama alimsikia mjane wa Charleroi au alijisikia mwenyewe tu, na aliamua kutolitafuta jibu. Mwezi wa Novemba, mbele ya mkutano mkuu, Rais alisimama akasema kwa sauti iliyotetemeka kwamba yeye binafsi amewasikiliza mashabiki. Ratiba ya 2013 ikapitishwa: nne za mjini, nne za tambarare, nne za vilima. Brussels haikuwemo. Wajumbe walipiga makofi kwa uongozi wenye maono, na mkataba wa Mauwa ukafanywa wa kudumu.

Jambo moja tu halikuwezekana kurekebishwa. Idara ya Matangazo ilikuwa imeshachapisha mabango ya msimu mpya, na picha bora ya mwaka haikuhitaji mjadala. Kuyaondoa kungehitaji maelezo ya maandishi juu ya utambulisho wa mtu aliyepigwa picha, na Rais hakuwa tayari kutia sahihi maelezo hayo.

Jumamosi moja ya Januari, Mauwa alikutana na Donat kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, kila mmoja na mfuko wake wa sokoni. Kwenye kituo cha basi, nyuma ya kioo, yule bwana wa dirishani alikuwa amening'inia na taulo lake, mkubwa kuliko mlango, na chini yake maandishi mekundu: MASHABIKI WAMESIKILIZWA.

Donat alilitazama bango kwa muda, kama alivyokuwa akitazama injini za watu.

"Uyu papa," akasema, "iko na furaha kweli, maman? Mi naona sawa vile analia."

"Anatoa maoni, papa," Mauwa akamjibu.