Chai ya Mama Mkwe na Maji ya Rejeta

Ndugu Shemeji Mkubwa,

YAH: MAMA KUPUNGUZA MAJI YA GARI

Kabla ya yote nikujulishe kwamba una shemeji mwenye bahati. Mtaani kwetu magari yanasukumwa kila asubuhi kama mikokoteni, na majirani zangu wanakwenda kazini mikono imejaa grisi. Gari langu, ambalo lingekuwa mtu lingekwisha kuoa na kuozesha, halijawahi kuchemsha. Narudia kwa maandishi ili uweke kumbukumbu: halijawahi. Watu wananiuliza siri yake, nawaambia bahati haina darasa.

Naanza na hilo kwa sababu nakumbuka ulichosema kwenye simu, kwa sauti ambayo dada yako aliisikia akiwa jikoni: siku mkweche ule utakapomchemkia mama yetu njiani, unakuja kumchukua akaishi kwako, na upasuaji wake wa jicho utausimamia mwenyewe huko huko. Kauli hiyo niliipokea kwa heshima. Upasuaji ni wiki ijayo, na dereva aliyechaguliwa na Mama ni mimi. Basi kabla hujaletewa maneno ya watu, pokea ya kwangu, tena kwa mpangilio, maana nilisoma chuo cha ufundi muhula mzima na kipande cha mwingine.

1. Gari linapungua maji. Sijasema linachemsha. Linapungua maji, halafu mshale wa joto unapanda, halafu mvuke unatoka kwenye boneti, halafu mimi na Mama tunasimama kando ya barabara kupunga upepo. Kuchemsha ni jambo jingine kabisa. Ajabu ni kwamba chini ya gari hakuna tone. Nimelilaza juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, asubuhi nikayakuta makavu kama biskuti. Nikamwita fundi wa hapa mtaani, tunayemwita Fundi Kesho kwa sababu ambazo utazielewa ukimpa kazi. Akabadilisha kifuniko cha rejeta. Akabadilisha mpira wa juu. Akabadilisha mpira wa chini. Akang'oa themostati, kile kidude cha kudhibiti joto la maji ya injini, na kuitupa, akisema gari zee halihitaji urembo. Mwisho akavunja yai bichi akalimimina kwenye rejeta, kwamba litaiva humo ndani na kuziba tundu. Tundu halikuziba. Sisi tukawa tunasafiri ndani ya harufu ya mkahawa.

2. Maji yanapungua siku za Mama tu. Nikienda peke yangu kununua sponji na vitambaa, narudi rejeta imejaa vile vile. Akipanda Mama kwenda kliniki ya macho, hatumalizi mlima wa hospitali. Na hizo ndizo siku gari linapoendeshwa kwa adabu. Sikimbizi, sipigi honi, na namwashia hita, ambayo mimi mwenyewe siigusi, kwa sababu anasema miguu yake ina baridi kama ya marehemu wa jana. Anahudumiwa kama balozi. Maji yanakwisha. Wewe ni msomi, Shemeji, niambie nimshuku nani.

3. Zulia la upande wa Mama limelowa. La upande wangu ni kavu. Hapa naomba uniheshimu, maana mimi ni fundi makochi, na nimetoa kwenye makochi ya watu madoa ambayo wenyewe hawakutaka kuyaeleza. Zulia ni jeusi, kwa hiyo doa halikujitaja rangi, na mimi sikuinama kuligusa. Mwanamume mzima, nimeingiza kichwa penye miguu ya mama mkwe wangu, mtaa ungesema nini? Nililichunguza kutoka kwenye kiti changu, kwa jicho la pembeni, nikatoa hukumu: ni chai. Mama hasafiri bila chupa yake ya chai, anaibana katikati ya magoti, na mimi nina mashaka na kizibo.

Kwa haki niseme kwamba Fundi Kesho alitaka kukagua upande huo. Akamwomba Mama ashuke kidogo. Mama akamwambia, mwanangu, mimi nimeshakaa, gari ni kubwa, kagua kwingine. Fundi akakagua kwingine. Hata mimi ningekagua kwingine.

4. Mama anapumua kupita kiasi. Kioo cha mbele kinashika ukungu kwa ndani, hasa upande wake, tena ukungu wenyewe unanata. Naufuta kwa kipande cha kitambaa cha kochi, unarudi. Nikamshauri kwa unyenyekevu mkubwa awe anapumulia dirishani. Akaniuliza, na wewe baba, unayeongea tangu nyumbani mpaka kwenye geti la hospitali, pumzi yako huwa unaiacha wapi? Nikafungua dirisha la kwangu.

5. Peremende. Ndani ya gari mna harufu tamu, na mimi situmii peremende. Mama daktari alimkataza. Sisemi zaidi.

Sasa jumlisha mwenyewe. Tuna chai sakafuni, pumzi kwenye kioo, sukari hewani, na rejeta tupu. Nimeijaza kulanti, ile dawa ya kijani ya kupozea injini, tena ile nzuri, mpaka muuzaji akaniuliza kama tunainywa. Nimelipima jambo hili kwa elimu yote niliyonayo, nikimaliza ninakosa usingizi na kulipima upya, na jibu ni lile lile. Gari halivuji. Anayevuja ni Mama.

Kwa hiyo naleta maombi yafuatayo mbele ya ukoo. Kwanza, chupa ya chai isafiri kwenye buti. Pili, Mama akae kiti cha nyuma. Hili nimekwisha kumdokezea, akasema yeye si mzigo. Tatu, na hili naliandika kwa mkono mzito, kama mawili hayo yameshindikana, basi timiza ulichosema. Njoo umchukue. Kiti cha mbele kitakuwa wazi na nitakipakia sponji. Ni kweli sponji haiulizi hadithi iliishia wapi, wala haisemi "endelea, baba, muongo wee" tukifika kwenye taa nyekundu. Nitazoea. Gari lina heshima yake.

Nisalimie mkeo, watoto wote mpaka yule anayeng'ata wageni, yule jirani yako anayeniita Profesa, na mlinzi wa geti, mwambie bado nina mwavuli wake.

Wako katika ukoo na barabarani,
Shemeji yako, Dereva wa Mama

Baada ya sahihi: Barua ilikuwa imekwisha kukunjwa Mama aliposikia kwamba nimekuandikia. Kwa kuwa macho yake hayasomi, akataka nimsomee ili aongeze salamu zake. Nikaanza vizuri. Nilipofika penye zulia nikaruka. Akasema, baba, karatasi imegeuka lakini maneno hayakugeuka nayo, rudi nyuma. Nikarudi. Nikasoma yote, Shemeji, mpaka pale pa kuvuja.

Alicheka mpaka dada yako akaja na mwiko mkononi kuuliza nani kapatwa na nini. Kisha akavua viatu alivyorudi navyo kliniki. Miguu yake ilikuwa ndani ya mifuko ya plastiki, imefungwa kwenye vifundo kwa mpira wa nywele. Akasema chai yake huwa anaimaliza yote kwenye foleni ya kliniki, na chai aijuayo yeye haidondoki kutoka juu. Kila nikiwasha hita, maji ya moto yanamdondokea vidoleni kutoka chini ya dashibodi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema mwanzoni aliona haya, mtu hamwambii mkwe wake kwamba gari lake bovu. Baadaye aliogopa. Akasema, mwanangu akisikia, atakuja kunichukua, na kule kwake kuzuri, lakini nani atanidanganya njia nzima mpaka nisahau kwamba naenda kupasuliwa jicho?

Nikatoka nje, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa pale pale nilipokuwa naogopa, na mkono ukarudi wa kijani. Fundi Kesho alikuja siku ile ile, jambo ambalo nalo liingie kwenye kumbukumbu. Kumbe ndani ya dashibodi kuna rejeta ndogo ya hita, na yetu imeoza. Ndiyo iliyolowesha zulia, ikatia ukungu kwenye kioo, ikanukia kama peremende, maana kulanti ina harufu tamu. Akaiondoa kwenye mzunguko: mipira miwili inayopeleka na kurudisha maji ya hita akaiunganisha kwa bomba fupi na klipu mbili, ili maji yaishie kwenye injini. Akarudisha na themostati mpya, huku akiangalia pembeni. Tumepanda mlima wa hospitali, Mama akiwa mbele, mshale umetulia katikati. Hita hatuna tena. Nimemshonea blanketi la miguu kwa mahameli iliyobaki kwenye kochi la mteja, limemkaa vizuri kuliko kochi lilivyomkaa mteja.

Nilitaka kuichana barua hii. Mama amekataa, anasema iende kama ilivyo, ujue dada yako ulimwozesha kwa nani. Basi futa la kwanza mpaka la tano, na maombi yote matatu, hasa lile la tatu. Usije, Shemeji. Au njoo umsalimie, ule, urudi peke yako.

Na lile la gari kutochemsha ni uongo. Limechemsha, mara nyingi, Mama akiwa ndani.